Kupanga njia za gari za mizigo Unguja: mwongozo kamili kwa daftari, kalamu na hesabu ya akiba

Mwaka wangu wa kwanza kupanga gari za kusambaza maji ya chupa, nilifungua ramani, nikaona Chwaka na Michamvi zinatazamana, nikaziweka tripu moja. Dereva wetu, mzee aliyeshika usukani tangu mimi niko skuli, aliisoma karatasi mara mbili. "Mwanangu," akaniambia, "baina ya Chwaka na Michamvi pana bahari. Nipe ngalawa basi, gari niiache." Ghuba ndiyo hiyo. Ukisimama ufukweni Chwaka, Michamvi unaiona kule ng'ambo, lakini ukitaka kufika kwa gari urudi ndani ya kisiwa, uizunguke ghuba yote, utokee Paje, kisha upande tena pwani hadi ncha ya rasi.

Mwongozo huu unaanzia hapo nilipokosea. Hesabu ya kupanga njia ni nyepesi kuliko watu wanavyoidhania: kujumlisha, kutoa na kulinganisha, basi. Kinachoharibu mipango ni namba zinazoingizwa, na masharti ambayo aliyepanga hakuyauliza. Kwa hiyo usishangae nikikaa sana kwenye dakika na katoni, nikapita haraka kwenye programu za kompyuta.

Kwa nini jicho peke yake halitoshi

Ukiwa na vituo 3, unavipanga kichwani. Vituo 7 vina mipangilio 5,040. Vituo 10 vina 3,628,800. Vikifika 15, mipangilio inapita trilioni 1.3, na hapo ni gari moja tu, hujagawa mzigo kwa gari mbili. Hata kompyuta haijaribu yote. Inatumia mbinu za kukaribia jibu zuri.

Tatizo hili lina umri. Mwaka 1959 George Dantzig na John Ramser waliliandika rasmi wakizungumzia malori yanayopeleka petroli kutoka bohari moja hadi vituo vingi. Mwaka 1964 wakaja Clarke na Wright na mbinu ya kuangalia ni dakika au kilomita ngapi unaokoa ukiunganisha wateja wawili kwenye tripu moja. Naiita hesabu ya akiba, na ndiyo nitakayoionyesha hapa, kwa sababu inafanyika kwa kalamu na matokeo yake yanaeleweka hata na utingo.

Hatua ya kwanza: amua unapunguza nini

Kilomita, muda, mafuta au idadi ya gari? Si kitu kimoja. Kwa Unguja mimi napunguza muda. Kisiwa ni kidogo, mafuta ya tripu moja hayatishi sana. Ila siku ina saa zake, na gari iliyochelewa kurudi haipakii tripu ya pili. Barabara mbili za kilomita sawa zinaweza kutofautiana dakika ishirini kwa sababu ya matuta, daladala zinazosimama popote, na vizuizi vya askari wa barabarani. Kilomita haioni hayo.

Lakini pima na mafuta, angalau mara moja kwa kila gari: jaza tangi hadi juu, andika mita ya kilomita, fanya kazi wiki moja, jaza tena hadi juu. Lita ulizoongeza na kilomita ulizokwenda zitakupa ulaji wa kweli wa gari yako. Usichukue namba ya mtu mwingine. Canter yake si yako.

Hatua ya pili: jedwali la dakika

Hapa ndipo kazi ilipo. Mpe utingo daftari dogo na kalamu. Kila kituo aandike mambo matatu: saa ya kufika, saa ya kuanza kushusha, saa ya kuondoka. Wiki mbili zinatosha kuanzia. Simu yenye ramani itakusaidia kwa zile njia ambazo gari yako haijapita bado, lakini iongezee dakika, kwani simu inahesabu gari ndogo isiyo na mzigo.

Usichanganye dakika za barabarani na dakika za kushusha. Duka la Chwaka linashusha katoni 20 kwa dakika kumi. Hoteli yenye idadi hiyo hiyo inaweza kukuweka nusu saa: geti, kuandikisha namba ya gari, kumsubiri mtunza stoo aliyekwenda kunywa chai, kuhesabu, kugonga muhuri. Ukijumlisha pamoja utasema "barabara ya Kiwengwa mbaya", kumbe barabara haina kosa.

Mfano wangu una stoo moja Mwanakwerekwe, Canter mbili na oda saba. Dakika ni za gari yenye mzigo, nimezikadiria hadi tano iliyo karibu ili zisomeke:

| Kituo | Kutoka stoo (dakika) | Oda (katoni) |
|---|---|---|
| Paje | 65 | 40 |
| Jambiani | 80 | 30 |
| Makunduchi | 85 | 20 |
| Chwaka | 45 | 20 |
| Kiwengwa | 65 | 25 |
| Matemwe | 75 | 25 |
| Nungwi | 85 | 35 |

Baina ya vituo: Paje–Jambiani 15, Jambiani–Makunduchi 20, Paje–Makunduchi 35. Upande wa pili: Chwaka–Kiwengwa 30, Kiwengwa–Matemwe 25, Matemwe–Nungwi 40, Kiwengwa–Nungwi 50, Chwaka–Matemwe 55, Chwaka–Nungwi 80. Na Chwaka–Paje, kwa kuizunguka ile ghuba, 70.

Hatua ya tatu: uzito, si idadi tu

Katoni ya chupa 12 za lita moja na nusu ina lita 18, yaani kilo 18 za maji matupu. Ongeza plastiki na nailoni, hesabu kilo 18 na nusu. Canter ya tani 2 kwa hesabu hiyo inabeba katoni 108; mimi naandika 100, nimemaliza. Ile iliyobaki ni ya utingo, tairi la akiba na ndugu wa dereva anayeomba lifti hadi Tunguu.

Kirikuu, ile gari ndogo ya mizigo, ni kitu kingine. Gari hizi zimetengenezwa Japani kubeba kilo 350. Gawa kwa 18.5, unapata katoni 18. Najua umeona kirikuu imebeba 30. Mimi pia nimeiona, na nimeziona springi zake.

Jumla ya oda zetu ni katoni 195. Gari mbili zinabeba 200. Kwa macho, inatosha. Subiri kidogo.

Hatua ya nne: hesabu ya akiba

Anza kwa kujifanya kila mteja anapelekewa gari yake peke yake, kwenda na kurudi. Jumla ya dakika za kutoka stoo ni 500, kwenda na kurudi ni 1,000. Huo ndio mpango mbaya kuliko yote, na ndio tunaoupunguza.

Sasa chukua wateja wawili. Kila mmoja kivyake, unakwenda na kurudi mara mbili. Ukiwaunganisha, unakwenda kwa wa kwanza, unapita kwa wa pili, unarudi. Umeokoa safari moja ya kurudi na moja ya kwenda, umelipa njia ya baina yao. Kwa hiyo:

Akiba = dakika za stoo hadi wa kwanza + dakika za stoo hadi wa pili − dakika za baina yao.

Jambiani na Makunduchi: 80 + 85 − 20 = 145. Fanya hivyo kwa kila jozi, kisha panga kutoka kubwa kwenda ndogo:

Jambiani–Makunduchi 145
Paje–Jambiani 130
Matemwe–Nungwi 120
Kiwengwa–Matemwe 115
Paje–Makunduchi 115
Kiwengwa–Nungwi 100
Chwaka–Kiwengwa 80
Chwaka–Matemwe 65
Chwaka–Nungwi 50
Chwaka–Paje 40

Jozi nyingine za kusini na kaskazini hazipiti 40, nimeziacha. Ona namna hesabu yenyewe ilivyoitenga kusini na kaskazini bila ya mtu kuiambia kitu kuhusu ghuba.

Shuka na orodha. Unaunganisha ikiwa masharti matatu yametimia: wateja hao hawamo tripu moja tayari, kila mmoja yuko mwanzo au mwisho wa tripu yake, si katikati, na mzigo wa pamoja haupiti uwezo wa gari.

Jambiani na Makunduchi: katoni 50, unganisha. Paje na Jambiani: Jambiani bado iko ukingoni, katoni zinakuwa 90, unganisha. Kusini imekamilika: stoo, Paje, Jambiani, Makunduchi, stoo. Dakika 65 + 15 + 20 + 85 = 185.

Matemwe na Nungwi: katoni 60. Kiwengwa inaingia kupitia Matemwe: katoni 85. Paje–Makunduchi na Kiwengwa–Nungwi ruka, wamo tripu moja tayari. Halafu Chwaka na Kiwengwa: 85 + 20 = 105. Imekataa. Chwaka–Matemwe nayo imekataa, Matemwe iko katikati. Chwaka–Nungwi, mzigo. Chwaka–Paje, 90 + 20 = 110, mzigo tena.

Chwaka imebaki yatima. Nafasi ya katoni 15 iko gari ya kaskazini, nafasi ya 10 iko gari ya kusini, jumla 25, na mteja anataka 20, lakini hakuna gari hata moja inayomtosha. Ndiyo maana nilisema usubiri: jumla kutosha si sawa na mzigo kuingia.

Watu wengi hapa hutuma gari tripu ya tatu. Dakika 90 za kwenda na kurudi Chwaka. Ukimpitia njiani kuelekea Kiwengwa, unaongeza dakika 10 tu: 45 + 30 badala ya 65. Baina ya 90 na 10 pana mambo mawili ya kujaribu. Moja, kirikuu: lakini inabeba 18, mteja anataka 20, mbili zinabaki, na bado umelipa dakika 90. La pili ni simu.

"Assalaam aleykum Bi Mkubwa. Katoni zako ishirini, nikikuletea kumi na tano leo, tano Alkhamis, itakuharibikia?"

"Waaleykum salaam. Hizo kumi na tano zenyewe sijui kama zitaisha. Lete tu."

Katoni 85 + 15 = 100. Gari imejaa sawasawa. Kaskazini sasa ni stoo, Chwaka, Kiwengwa, Matemwe, Nungwi, stoo: 45 + 30 + 25 + 40 + 85 = 225. Ukijumlisha na kusini, 410. Tulianzia 1,000.

Ujue wateja wengi wanaagiza namba za mviringo kwa mazoea. Kumi, ishirini, hamsini. Ukimuuliza kwa adabu, namba inalegea. Programu ya kompyuta haitakuambia upige simu hiyo.

Hatua ya tano: fumua msalaba

Hesabu ya akiba inatoa mpango mzuri, haiahidi kuwa ndio bora kabisa. Kwa hiyo kila tripu ipitie kwa jicho la pili. Chora kwenye karatasi. Mistari ya njia ikikatana, mara nyingi pana muda unapotea.

Dereva mgeni aliwahi kupewa oda za kaskazini akazifuata kama zilivyoandikwa: Nungwi, Kiwengwa, Matemwe, Chwaka, kisha nyumbani. Dakika 85 + 50 + 25 + 55 + 45 = 260. Toa vipande viwili, Nungwi–Kiwengwa (50) na Matemwe–Chwaka (55), jumla 105. Geuza kipande cha katikati, kiwe Matemwe kwanza halafu Kiwengwa, uunge tena: Nungwi–Matemwe 40, Kiwengwa–Chwaka 30, jumla 70. Umeokoa dakika 35 bila ya kumwacha mteja yeyote. Jaribu kila jozi ya vipande hivyo hivyo, mpaka ukose cha kupunguza. Kwa vituo vinne au vitano ni kazi ya kikombe kimoja cha kahawa.

Hatua ya sita: saa za wateja

Tuweke dakika 20 za kushusha kila kituo, kwa mfano tu. Wewe utatumia za daftari lako. Gari ya kusini ikitoka saa 1:00 asubuhi inarudi saa 5:05. Ya kaskazini: Chwaka 1:45, Kiwengwa 2:35, Matemwe 3:20, Nungwi 4:20, stoo 6:05.

Sasa hoteli ya Nungwi inasema haipokei mizigo baada ya saa 4:00 asubuhi, wageni wanaanza kutoka na kuingia. Umechelewa dakika 20. Kabla ya kuvunja mpango, ugeuze kichwa chini. Mzunguko ukienda kinyume unabaki na dakika zile zile 225, ila saa za kufika zinabadilika: Nungwi 2:25, Matemwe 3:25, Kiwengwa 4:10, Chwaka 5:00, stoo 6:05. Hoteli imepona, na Bi Mkubwa wa Chwaka anapokea kabla ya adhuhuri.

Ijumaa ina hesabu yake. Usimpange mteja wa duka baina ya saa 6 na saa 7 na nusu mchana. Utakuta mlango umefungwa na mwenyewe yuko msikitini, na dereva wako naye anataka kuswali. Naandika Ijumaa kama siku yenye dirisha fupi, na gari zinatoka nusu saa mapema. Ramadhani inageuza kila kitu: maduka ya chakula ya mchana yanapunguza oda, na alasiri barabara za mjini zinajaa watu wanaokimbilia futari. Tengeneza jedwali jengine kabisa la mwezi huo.

Masika nayo. Wenyeji wanakumbuka Kibonde Mzungu ilivyokuwa ikijaa maji mpaka gari zikageuzwa. Barabara nyingi zimejengwa upya, lakini vichochoro vya kutoka barabara kuu hadi geti la mteja bado ni vya udongo na mawe. Mimi nina safu ya pili ya dakika, ya Machi hadi Mei.

Mji Mkongwe: kituo kisicho kituo

Usijaribu kuingiza vichochoro vya Mji Mkongwe kwenye jedwali la gari. Gari haipiti. Wateja kumi na wawili wa ndani ya mji nawaandika kama vituo viwili: pahala gari itakaposimama upande wa Darajani, na pahala pa pili upande wa Malindi. Kutoka hapo kazi ni ya hamali na mkokoteni.

Mkokoteni nao una uwezo wake na njia zake, kwa hiyo unalo tatizo lile lile dogo ndani ya kubwa. Tofauti ni kuwa anayelijua jibu ni hamali. Anajua kichochoro kipi kina ngazi, wapi pikipiki zimeegeshwa hadi saa 3. Mimi nampa orodha ya wateja na katoni, nampangia saa ya kumaliza tu. Dakika za kituo hicho kwenye jedwali langu ni 70, na gari haisubiri: inashusha, inaacha mtu mmoja na mzigo, inakwenda Michenzani, inarudi.

Kwa ndugu zangu wa Pemba: sehemu kubwa ya kazi yenu iko kwenye barabara moja ndefu, Mkoani, Chake Chake, Wete na kuendelea. Vituo vikiwa mstari mmoja, mpangilio hauhitaji hesabu. Pambaneni na hatua ya tatu na ya sita.

Kupakia

Anayeshushiwa mwisho anapakiwa mwanzo. Ukiigeuza tripu kama tulivyofanya, geuza na mzigo: Chwaka ndani kabisa, Nungwi mlangoni. Hili linasahauliwa kila wiki. Karatasi ya stoo iandikwe kinyume cha karatasi ya dereva, ndiyo dawa pekee niliyoiona inafanya kazi.

Lini uhamie kwenye kompyuta

Ukipita vituo ishirini kwa siku, au gari nne, daftari litakuchosha. Jedwali la Excel linakokotoa akiba zote kwa sekunde. Safu tatu na fomula moja ya kujumlisha na kutoa. Zaidi ya hapo ipo OR-Tools ya Google, ya bure, inayopokea dakika, uwezo wa gari na saa za wateja kwa pamoja, ila unahitaji kijana anayejua kuandika programu. Ramani ya OpenStreetMap nayo ni ya bure, na Unguja na Pemba zilipigwa picha kwa droni katika mradi ulioanza 2016.

Programu yoyote utakayoitumia, ipe dakika zako ulizozipima, usiache ijikokotolee umbali wa mstari ulionyooka. Itakupeleka Michamvi kwa ngalawa.

Kulinganisha mpango na siku yenyewe

Jioni weka karatasi mbili pamoja: saa ulizopanga na saa alizoandika utingo. Tofauti ya dakika tano iache. Tofauti ya kumi na tano ikijirudia mara tatu, badilisha jedwali, si dereva.

Halafu jiulize kama namba mpya inabadilisha mpangilio au saa ya kurudi tu. Tuseme Matemwe–Nungwi, tuliyoiandika 40, inatoka 50 kila siku. Tripu ya kaskazini inakuwa 235. Mpangilio mwingine ulio bora usiopita kipande hicho ni ule wa dakika 260. Kwa hiyo mpaka Matemwe–Nungwi ipite dakika 75, njia inabaki ile ile, na cha kubadilisha ni saa unayomwambia mteja. Kwangu kipande hicho kimewahi kupita 75 mara moja, lori lilipolala katikati ya barabara. Dereva hakunipigia kuuliza afanye nini. Aligeuza, akapitia Kiwengwa.